TDAH: Mtoto asiyetulia Butembo si lazima awe mkaidi

Kila mtaa wa Butembo una mtoto wa namna hii. Asubuhi anatumwa sokoni kununua maharagi, njiani anakuta fundi amefungua redio, anasimama kuangalia. Saa sita anarudi mikono mitupu, lakini anaweza kueleza redio ile iliharibika wapi. Nyumbani anaitwa mvivu. Shuleni anaitwa mkaidi, na fimbo inafuata.

Madaktari wana jina lingine: TDAH, kwa kifupi cha Kifaransa. Ni hali ya ubongo kushindwa kushika jambo moja kwa muda, mara nyingi pamoja na mwili usiotulia na kutenda kabla ya kuwaza. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaitaja katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Huanza utotoni, hufuata ukoo, na wengi huendelea nayo ukubwani. Uchawi haumo, wala malezi mabaya si chanzo chake.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari kuhusu Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Waliangalia wanaume wenye aina fulani ya jeni inayoitwa DRD4, ambayo imehusishwa na kupenda mambo mapya na pia na TDAH. Kati ya waliohamahama na mifugo, wenye jeni hiyo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao. Kati ya waliotulia kijijini, wenye jeni ile ile walikuwa wembamba zaidi. Utafiti mmoja haumalizi maneno, lakini mfanyabiashara wa Butembo anayevuka Kasindi kutafuta bidhaa ataelewa haraka. Udadisi unaomletea faida njiani ndio unaomletea mtoto viboko kwenye benchi, katika darasa lililojaa tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019.

Kuna jambo zito zaidi. Mauaji yanaendelea kandokando ya Beni tangu Oktoba 2014, na Juni 2024 M23 walipochukua Kanyabayonga, familia nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Mtoto aliyeona hayo hapati usingizi, anashtuka mlango ukigongwa, hasikii mwalimu. Kwa macho ya haraka ni TDAH. Huenda ni hofu. Swali la kumuuliza mzazi ni moja: alianza lini? Kabla ya kukimbia, au baada ya usiku ule? Dawa ya tatizo moja haiponyi lingine, na fimbo inaharibu yote mawili.

Baadhi ya vituo vinavyojulikana vya afya ya akili, Tulizo Letu cha Goma na SOSAME cha Bukavu, viko katika miji iliyo mikononi mwa M23 tangu mwanzo wa 2025. Mzazi wa Lubero hawezi kupanda gari tu na kwenda.

Kuna la kufanya nyumbani na darasani. Agizo moja kwa wakati, mtoto alirudie kwa mdomo wake. Akae mbele, atumwe kufuta ubao miguu inapowasha. Saa za kula, kazi na kulala zisibadilike kila siku. Mkubwa naye aandike deni na ahadi kwenye daftari, asitegemee kichwa.

Na redio? Maharagi yafike jikoni kwanza, kisha nusu saa kwa fundi, kila siku, saa ile ile.