Rangi ya Unga

Chuma kikiachwa wazi hushika kutu. Mmekwisha kujifunza kwamba kutu hutokea pale chuma kinapokutana na oksijeni na maji kwa pamoja, na kwamba chumvi huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana malango na fremu za madirisha huliwa upesi zaidi katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa kuliko Dodoma. Basi rangi juu ya chuma si pambo tu. Kazi yake kubwa ni kuyazuia maji na hewa visikifikie chuma.

Rangi tuliyoizoea ni ya majimaji. Fundi huizimua kwa tapentaini au kimiminiko kingine, kisha huipaka kwa brashi au huipuliza. Baadaye kimiminiko hugeuka mvuke na kupotea hewani, nayo rangi hubaki juu ya chuma. Ile harufu kali unayoisikia karibu na karakana ni mvuke huo. Huumiza kichwa na mapafu ya mtu auvutaye kila siku, tena hushika moto kwa urahisi. Fikiri: kimiminiko hununuliwa kwa fedha, hudhuru watu, kisha hupotea chote. Je, rangi haiwezi kupakwa ikiwa kavu?

Jibu la kwanza lilipatikana Ujerumani. Mapema katika miaka ya 1950 mwanasayansi Erwin Gemmer alitia unga wa plastiki katika chombo ambacho kitako chake kilikuwa na vitundu vidogo mno, akapitisha hewa kutoka chini. Unga uliinuka, ukawa unatokota kama uji, ingawa haukuwa na moto. Kipande cha chuma kilichopashwa joto kali kilipotumbukizwa humo, unga uliokigusa uliyeyuka ukakishika pande zote. Njia hii ingali inatumika kwa vitu vinavyohitaji gamba nene, kama mabomba na vikapu vya waya. Lakini bati jembamba hupoa kabla unga haujayeyuka vema. Katika miaka ya 1960 ilienea njia nyingine, nayo ni ya kuushikisha unga kwa umeme.

Unga hushikwaje na chuma?

Fanya jaribio hili. Kata karatasi vipande vidogo sana, uviweke mezani. Chukua kitana cha plastiki, ukisugue mara nyingi kwenye nywele kavu zisizo na mafuta. Kisogeze karibu na vile vipande bila kuvigusa. Unaona nini? (Chagua siku kavu. Wakati wa masika, hewa yenye unyevu huuondoa umeme wa kitana upesi, na hutaona kitu.)

Kitana kimepata chaji ya umeme kwa kusuguliwa, nacho huvuta vitu vyepesi. Kiwandani, kitu kinachopakwa hutundikwa kwenye kulabu ya chuma iliyounganishwa na ardhi kwa waya. Fundi hushika kipulizio ambacho ncha yake ina umeme wa volti 60,000 hadi 100,000. Mkondo wake ni mdogo sana, kwa hiyo kifaa kikitunzwa vizuri hakimwui fundi. Usidhani kwa sababu hiyo kwamba umeme wa nyumbani, wenye volti 230 tu, ni wa kuchezewa. Mkondo wake waweza kuua.

Punje za unga zikipita karibu na ile ncha hupata chaji hasi. Chuma kilichounganishwa na ardhi huzivuta, na nyingine huzunguka hata kushika upande wa nyuma. Tabaka likianza kuwa nene, punje zilizotangulia huzisukuma zinazofuata, kwa kuwa chaji za namna moja hufukuzana. Kipo pia kipulizio kisicho na ncha ya umeme. Humo unga hupita kwa kasi katika mrija wa plastiki iitwayo Teflon, ukajisugua na kupata chaji, kama kilivyofanya kitana chako.

Unga unaokikosa chuma haupotei. Hufyonzwa kwa hewa, huchekechwa, huchanganywa na mpya, kisha hupulizwa tena. Rangi ya majimaji ikishakosa shabaha hairudi.

Hata hivyo umeme una mahali usipofika. Mwaka 1836 Michael Faraday wa Uingereza alijenga chumba kilichozungushiwa metali, akaingia ndani na vifaa vyake, huku umeme mwingi ukitiwa kwenye kuta kwa nje. Ndani hakuona dalili yoyote ya umeme. Kwa sababu kama hiyo, unga wenye chaji hauingii vema katika pembe za ndani za sanduku au kabati. Fundi asiyejua jambo hili hupuliza kwa nguvu zaidi, na pembe hubaki tupu. Anayejua hupunguza volti, au hutumia kipulizio cha msuguano.

Unga wenyewe

Unga huu hauwi kwa kusaga rangi kavu yoyote. Kwanza huchanganywa resini, kigumishi, na unga wa kutia rangi. Mchanganyiko huingia katika mashine yenye parafujo ndefu, mfano wa mashine ya kusagia nyama, iliyopashwa joto kiasi cha kulainisha resini lakini si kiasi cha kuigandisha. Hutoka kama donge zito, hubanwa kati ya rola mbili baridi likawa jembamba kama chapati, hupoa, huvunjwavunjwa, husagwa na kuchekechwa. Punje nyingi hazizidi sehemu ya kumi ya milimita. Zikiwa ndogo mno hushikana mabonge, na zikiwa kubwa mno huanguka kabla ya kufika.

Resini huchaguliwa kwa kazi yake. Epoksi hustahimili kemikali, lakini juani hupauka na kutoa vumbi jeupe, hivyo hufaa vitu vya ndani. Kwa malango na madirisha hutumika poliesta.

Kitu kilichopulizwa huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Sentigredi, kwa dakika 10 hadi 20. Unga huyeyuka, hutandaa, kisha resini na kigumishi huungana kikemia. Linganisha nta na yai. Nta iliyoganda ukiipasha huyeyuka tena, bali yai lililochemshwa halirudi kuwa ute. Rangi hii ni kama yai. Lakini ikitolewa mapema mno ni yai bichi: kwa macho inang'aa, kwa kweli haina nguvu.

Kusafisha na kupima

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kupuliza. Sivyo. Chuma chenye mafuta ya mikono au kutu kidogo kitapokea unga, kitang'aa, kitauzwa, na baada ya masika machache rangi itavimba na kubanduka kama ganda la muhogo. Kwa hiyo kabla ya yote chuma huoshwa mafuta, huondolewa kutu, mara nyingi hutiwa tabaka jembamba la fosfati linaloishikilia rangi, husuuzwa na kukaushwa.

Kwa kuwa macho hudanganyika, lazima vipimo vifanywe. Unene hupimwa kwa kifaa cha sumaku. Mara nyingi hutakiwa sehemu 60 hadi 80 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, karibu sawa na unywele mmoja. Kibao cha mfano huchanjwa kwa wembe mistari inayokatana, hubandikwa utepe wa gundi, na utepe huvutwa. Vimiraba vikitoka na utepe, kazi imeharibika. Vibao vingine huangushiwa uzito, au huwekwa katika sanduku lenye ukungu wa maji ya chumvi kwa mamia ya saa. Vingine huanikwa kwenye jua kali la jimbo la Florida, Marekani, mwaka mzima au zaidi, ili kuona kama vitapauka.

Unga huu nao una hatari yake. Vumbi lake likijaa hewani na kukutana na cheche hulipuka, kama vumbi la kinu cha unga wa ngano. Kwa hiyo feni hufyonza vumbi daima, kulabu husafishwa ili umeme upite ardhini pasipo cheche, na mafundi huvaa barakoa. Tena njia hii haifai kwa vitu visivyoingia tanurini, kama meli nzima. Mbao hazikufaa kwa muda mrefu kwa sababu ya joto, ila siku hizi upo unga unaoganda chini ya nyuzi 150, nao hupakwa kwenye baadhi ya mbao za kiwandani.

Kazi: Chunguza kitanda, kabati au lango la chuma shuleni kwenu. Tafuta mahali kutu ilipoanzia. Je, ni katikati ya bapa, kwenye ncha kali, au katika pembe ya ndani? Chora ulichokiona, na ueleze sababu.