Kumlea Mbwa wa Staffordshire Nyumbani

Likizo ya Desemba, nilipomaliza Kidato cha Pili, baba alirudi nyumbani jioni amechukua kikapu cha mboga kilichokuwa kikilia. Ndani yake alikuwamo mtoto wa mbwa wa majuma manane, rangi ya kahawia yenye milia myeusi, kifua cheupe, na kichwa kikubwa kuliko mwili. Bwana mmoja Mwingereza, aliyekuwa akiuza shamba lake ili arudi kwao, ndiye aliyemgawia. Bibi alimtazama, akasema, "Hiki ni kiazi chenye miguu." Basi akaitwa Kiazi. Kwetu Lushoto jina hilo si dharau, maana viazi ndivyo vinavyotusomesha.

Mama hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba mbwa wa namna hii walizalishwa kwa ajili ya kupigana. Na nyumbani tuna mdogo wangu wa miaka mitatu, tuna mbuzi, na jirani yetu ni mzee apitaye mbele ya nyumba yetu mara tano kwa siku akienda msikitini. Baba akakata shauri: "Likizo hii ni yako. Akifundishika, atakaa. Siku atakapomng'ata mtu, ataondoka." Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa daktari wa mifugo, kwa kitabu alichotuachia yule bwana, na kwa makosa yangu mwenyewe.

Kwanza yafaa wasomaji wajue asili ya mbwa huyu. Staffordshire ni jimbo la katikati ya Uingereza, ambalo zamani lilikuwa nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa huko na wa miji ya jirani walichanganya bulidogi, mbwa aliyezoezwa kumng'ang'ania ng'ombe dume aliyefungwa kamba, na teria, mbwa mdogo mwepesi wa kuwinda panya. Wakapata mbwa mfupi mwenye nguvu za yule na wepesi wa huyu, wakampiganisha na wenzake kwa kamari. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukataza michezo hiyo. Ng'ombe wakapona, lakini mapigano ya mbwa yakaendelea kwa siri, maana mbwa wawili wafichika uani, ng'ombe dume hafichiki. Ilikuwa mwaka 1935, yaani miaka mia baadaye, ndipo chama kikuu cha mbwa cha huko kilipomkubali katika orodha yake. Dume mzima huwa na kimo cha sentimita 36 hadi 41 begani, na uzito wa kilo 13 hadi 17. Si mbwa mkubwa, bali ni mzito kama mfuko wa misumari.

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Wengine husema mbwa huyu ni muuaji tangu tumboni mwa mama yake. Wengine, hasa wauzaji, husema ni yaya wa watoto. Daktari aliniambia niyatupe maneno yote mawili. Mbwa huyu hupenda watu mno, hata wageni, ndiyo maana si mlinzi wa kutumainiwa usiku. Lakini kwa mbwa wenzake aweza kukasirika upesi, na akishika kwa meno haachi kwa urahisi. Tena hakuna mbwa, wa aina yoyote ile, wa kuachwa peke yake na mtoto mdogo.

Neno lililonishtua zaidi lilikuwa la wakati. Tangu majuma matatu hadi kama majuma kumi na manne akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi. Kila akionacho wakati huo bila kuumizwa, hukihesabu kuwa kitu cha kawaida cha duniani. Asichokiona atakuja kukiogopa, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kung'ata. Kiazi alikuwa amebakiwa na majuma sita, na likizo yangu ilikuwa ya majuma matano! Wala sikuweza kumwacha atembee ovyo, kwa kuwa chanjo zake zilikuwa hazijatimia, na kuna ugonjwa wa pavo unaowaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Basi nilimbeba mikononi kama mtoto mchanga. Nilimpeleka kando ya soko, kituo cha mabasi, mahali pa bodaboda. Alimwona mtu mwenye mwavuli, mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, watoto wakipiga kelele, mbuzi. Kila alipoona kitu kipya akatulia, nilimpa kichwa cha dagaa. Vijana wenzangu walinicheka sana, na sikuwalaumu.

Kumfundisha usafi si kazi ngumu, ila ni kazi ya kuamka. Mtoto wa mbwa hujisaidia mara aamkapo, mara amalizapo kula, na mara aachapo kucheza. Nyakati hizo nilimtoa nje mahali pale pale, nyuma ya migomba, na alipomaliza nikampa dagaa papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, yeye hudhani amesifiwa kwa jambo jingine. Watu wengi humsugua mbwa pua katika mkojo wake. Nami nilifanya hivyo siku ya kwanza. Alichojifunza ni kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa, akaanza kujisaidia uvunguni mwa kitanda nisikomwona. Ilinichukua siku nne kulifuta kosa la dakika moja.

Halafu kuna meno. Meno ya utoto ni makali kama sindano, na huanza kung'oka afikapo kama miezi minne. Watoto wa mbwa hufundishana wenyewe: ang'atwaye hulia na kuuacha mchezo. Nikawaiga. Kila Kiazi alipobana mkono wangu kwa nguvu nilisema "Aa!", nikampa mgongo, nikanyamaza kabisa. Kwake kunyamaziwa ni adhabu kubwa kuliko fimbo. Nikampa na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe autafune badala ya viatu vya baba.

Maneno niliyomfundisha ni matatu tu: "njoo", "kaa" na "acha". Kwa mbwa wa Staffordshire neno "acha" lapita yote. Nilificha dagaa katika ngumi. Akalamba, akakwangua, akalia. Siku ya kwanza alihangaika hivyo muda mrefu. Alipochoka akarudisha kichwa nyuma, nikasema "acha" na kumpa dagaa mwingine kwa mkono wa pili. Baadaye tulifanya vivyo hivyo kwa mfupa: aliuachia, akapewa kitu kitamu zaidi, kisha akarudishiwa mfupa wake. Mbwa huyu hanyang'anywi, hubadilishana. Ukivuta, naye huvuta, na shingo yake ina nguvu kuliko mkono wako.

Mzee jirani yetu nilimwendea kabla hajaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mmeleta mbwa."

Akanieleza kwa upole kwamba kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi, na palipolambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Kanzu yake ikiguswa njiani hana budi arudi nyumbani, na sala ina wakati wake. "Mbwa wako sina ugomvi naye," akasema. "Ninachotaka ni njia yangu." Basi nilitandika gunia kando ya mlango, na kila babu alipopita Kiazi alikaa juu ya gunia akala dagaa. Kwa kuwa babu alipita mara tano kila siku, kwa saa zijulikanazo, nilipata mwalimu asiyekosa kipindi hata kimoja.

Chakula sitakieleza sana. Tulimpa ugali uliochanganywa na dagaa, mboga na makombo ya nyama, mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, kisha mara tatu, na baada ya miezi sita mara mbili. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vikamchoma tumboni. Dawa ya minyoo alipewa kila majuma mawili mpaka miezi mitatu, kwani mayai ya minyoo hiyo huwadhuru watoto wanaochezea mchanga. Alipotimiza miezi mitatu alichanjwa kichaa cha mbwa, nami nikarudi shuleni.

Niliporudi mwezi wa Juni sikumkuta mbwa niliyemwacha. Kijana mmoja wa ukoo wetu, aliyekaa nyumbani miezi ile, alimfundisha kuning'inia kwenye tambara kwa meno, akamchochea kwa mbwa wa jirani ili wenzake wacheke. Kiazi alikuwa na miezi minane na kilo 14. Siku ya pili tangu nifike, alirukia andazi mkononi mwa mdogo wangu. Jino likakwaruza kidole, damu ikatoka kidogo.

Tulimwosha mtoto kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, tukaenda hospitali hapo hapo. Hivi ndivyo ipasavyo hata kama mbwa amechanjwa, maana kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana, karibu hakina dawa kabisa. Mganga alitazama cheti cha chanjo, akamhudumia mtoto, akatuagiza tumfunge mbwa na kumwangalia siku kumi. Asiuawe wala asipelekwe popote. Baba alisema, "Siku kumi. Kisha ataondoka, kama nilivyosema." Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa ahadi ile niliisikia mwenyewe.

Siku hizo kumi nilianza upya kama kwamba ana majuma manane. Ngumi na dagaa, mfupa na kubadilishana, gunia mlangoni. Tambara nililichoma moto. Niliwakusanya wote wa nyumbani, na huyo kijana pia, tukakubaliana maneno yawe yale yale matatu, na asiwepo mtu wa kumvutisha kitu. Hapo ndipo nilipoona kosa langu kubwa: mwezi wa Januari nilikuwa nimemfundisha mbwa, sikuwafundisha watu. Siku ya kumi mdogo wangu alipita na kipande cha muhogo, mama akiwa karibu. Kiazi, aliyekuwa amefungwa, aliinuka, akatetemeka, akakaa. Mama ndiye aliyesema, "Mwache kwanza hadi mwisho wa likizo." Baba akanyamaza, na kwake kunyamaza ni ruhusa.

Yupo mpaka leo. Hafunguliwi kamba nje ya ua, haachwi na mtoto peke yake, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Dada yangu ananiandikia kwamba babu sasa humsalimu kwa mbali, na kwamba Kiazi amejifunza kufungua mlango wa jiko kwa pua. Juni inayokuja nina kazi.