Keki ya harusi ya ghorofa

Keki ya harusi ya ghorofa ni keki ya sherehe inayoundwa na keki mbili au zaidi za ukubwa tofauti, zinazopangwa moja juu ya nyingine, kubwa ikiwa chini na ndogo juu. Kila keki katika mpangilio huo huitwa ghorofa. Ingawa huonekana kama kitu kimoja, keki ya juu haikai juu ya keki ya chini: uzito wake hubebwa na vijiti vilivyofichwa ndani. Kwa sababu hiyo urefu wa keki unaweza kutenganishwa na kiasi kinacholiwa, na hapo ndipo gharama hupungua.

Historia

Umbo hili lilienea kutoka Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1858, katika harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria, ghorofa ya chini tu ilikuwa keki. Za juu zilitengenezwa kwa sukari tupu. Keki ya kwanza kuliwa ghorofa zote hutajwa kuwa ile ya mwana wa malkia huyo, Leopold, mwaka 1882. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sukari ilipogawiwa kwa kipimo, baadhi ya maharusi wa Uingereza walikodi vifuniko vya karatasi ngumu au plasta vilivyopambwa kama keki na kuvifunika juu ya keki ndogo. Kwa hiyo ghorofa bandia si hila ya siku hizi.

Kupanga ghorofa

Kila ghorofa huwekwa juu ya ubao wake mwembamba unaolingana nayo kwa kipenyo. Kabla ya kupanga, vijiti hudungwa kwenye keki ya chini hadi vifike kwenye ubao wake. Vijiti vya mbao safi visivyopakwa rangi hufaa, na kwa keki nyepesi hata mirija minene ya plastiki. Vinne hadi sita hutosha kwa ghorofa ya wastani, vikipangwa kwa duara dogo kuliko keki inayokuja juu.

Kijiti cha kwanza hupimwa usawa wa uso wa keki, kisha vingine vyote hukatwa kwa urefu huohuo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kila kijiti kikikatwa kwa kufuata mahali kilipodungwa, ubao wa juu hufuata mabonde ya keki na ghorofa huinama. Pimamaji ya fundi mwashi, ikioshwa vizuri, inafaa kabisa kukagua ubao na meza.

Keki yenye ghorofa tatu au zaidi ni salama zaidi ikisafirishwa ikiwa imetenganishwa na kupangwa ukumbini. Barabara yenye matuta haijali ustadi wa mwokaji.

Kupunguza gharama

Eneo la duara hutegemea kipeo cha pili cha kipenyo. Katika keki yenye ghorofa za sentimita 30, 22 na 15, zenye kimo sawa, ghorofa ya chini peke yake ni zaidi ya nusu ya keki yote, na ya juu ni takriban sehemu moja ya saba. Wanaotaka kubana matumizi mara nyingi hufanya ya juu kuwa bandia, na huokoa kidogo sana. Faida kubwa iko chini.

Ghorofa bandia hukatwa kutoka povu gumu jeupe, la aina inayofungiwa televisheni, kisha hufunikwa kwa fondanti au aisingi kama nyingine. Haibonyei, lakini ni nyepesi mno, hivyo hubandikwa kwa gundi kwenye ubao mzito ili keki isipinduke. Maharusi hukata ghorofa halisi iliyo juu yake. Wageni hugawiwa vipande kutoka keki za trei zilizookwa kwa unga uleule na kukatwa jikoni. Kwa kuwa katika kumbi nyingi za Afrika Mashariki mgeni hupata kipande cha kutosha mdomo mmoja, tofauti haionekani.

Njia nyingine ni kuweka keki ndogo kadhaa kwenye stendi za vimo mbalimbali. Sufuria imara iliyopinduliwa na kufunikwa kitambaa ni stendi tosha.

Kuonyesha

Krimu ya siagi huanza kulegea kabla ya nyuzi 30 za sentigredi, joto la kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Kwa ukumbi usio na kiyoyozi, aisingi ngumu ya ute wa yai au fondanti huvumilia zaidi. Meza isiyoyumba huwekwa karibu na ukuta, mbali na jua la dirishani na mahali pa kuchezea muziki.

Maua halisi hupamba kwa bei ndogo, lakini baadhi yana sumu na ya dukani huenda yamepuliziwa dawa. Mashina yake hufungwa kwa plastiki badala ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye keki.

Anayekata keki huambiwa idadi ya vijiti vilivyomo, naye huvihesabu vyote kabla sahani ya kwanza haijatoka jikoni.