Kuunganisha Njia Mbili za Amplifaya ya Gitaa: Msaada kwa Somo la Sauti

Mwalimu wa sayansi afundishapo sauti huwaambia watoto kwamba vyanzo viwili vya sauti hutoa sauti kubwa kuliko kimoja. Kauli hiyo ni ya kweli mara nyingi, lakini si mara zote, na mtoto mdadisi ataigundua kasoro yake. Amplifaya za gitaa za mtindo wa zamani, zile zitumiazo valvu, zaweza kumsaidia mwalimu kuliweka jambo hili sawa.

Mfano ulio bora ni Bassman ya kampuni ya Fender ya California, hasa ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1960. Ilikusudiwa kwa gitaa la besi, lakini wapigaji wa magitaa ya kawaida ndio walioipenda zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall na mafundi wake mjini London waliufuata mchoro wake walipounda amplifaya yao ya JTM45. Amplifaya hizo zina njia mbili za kuingizia sauti, moja ya sauti ya kawaida na nyingine ya sauti kali. Kila njia ina matundu mawili na kirungu chake cha kupandishia sauti. Wapigaji wawili waliweza kuitumia amplifaya moja. Lakini mpigaji aliye peke yake akataka kuzitumia njia zote mbili kwa pamoja.

Hufanya hivi. Gitaa huchomekwa katika tundu la kwanza la njia ya sauti kali. Kisha waya mfupi, wenye plagi ncha zote mbili, hutoka katika tundu la pili la njia hiyo hiyo na kuingia tundu la kwanza la njia ya kawaida. Hapa mwanafunzi hana budi kuuliza: tundu la pili si la kuingizia? Litatoaje sauti? Jibu ni kwamba tundu si mlango wa kwenda upande mmoja tu. Matundu yote mawili hukutana mbele ya valvu moja, kila moja kwa kupitia rezista ya omu 68,000. Umeme wa gitaa ufikapo kwenye makutano hayo, huweza pia kutoka kwa kupitia rezista ya pili. Upotevu ni mdogo, kwa kuwa njia inayoupokea ina rezista ya omu 1,000,000 kuelekea ardhini, nayo huvuta umeme kidogo sana.

Baada ya hapo kila njia hukuzwa na valvu yake, hupimwa na kirungu chake, kisha zote mbili huchanganywa. Njia ya sauti kali ina kapasita ndogo ipitishayo sauti nyembamba kando ya kirungu, na kazi yake huonekana zaidi kirungu kikiwa chini. Basi mpigaji huchukua unene kutoka njia moja na ukali kutoka nyingine, akachanganya apendavyo. Wako wasemao kwamba kwa kufanya hivyo amplifaya huongezewa nguvu. Hiyo si kweli: valvu za mwisho na transfoma zina kikomo kile kile.

Sasa tufikie jambo linalomhusu mwalimu hasa. Kila hatua ya valvu ya namna hii huligeuza wimbi, lililokuwa juu likawa chini. Katika Bassman, kila njia hupita hatua moja kabla ya kuchanganywa, hivyo mawimbi hufika yakienda pamoja. Katika Twin Reverb, iliyotolewa na Fender mwaka 1963, njia ya pili hupita hatua moja zaidi. Mawimbi yake hufika yakipingana na yale ya njia ya kwanza. Ukiziunganisha njia hizo kwa waya ule ule, sauti hunyong'onyea, na besi ndiyo hupotea zaidi. Kwa hesabu, 4 na 3 ni 7. Lakini 4 na hasi 3 ni 1.

Darasani amplifaya haihitajiki. Bembea yatosha. Wanafunzi wawili wasimame nyuma yake na kuisukuma kwa wakati mmoja. Wenzao wapime kwa macho ilivyopanda. Halafu mmoja ahamie mbele, wasukume tena kwa wakati mmoja na kwa nguvu ile ile. Mwalimu asitangulie kueleza. Awaache kwanza waseme walichokiona, kwa maneno yao, hata kama ni ya kubahatisha, ndipo aandike hesabu ubaoni. Akianza na kanuni, watoto wataikariri na hawataiona tena katika bembea.

Ikiwa mwanamuziki wa jirani atakubali kuja na amplifaya yake, ni vema. Virungu vyote vishushwe kabla ya kuchomeka waya, na amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, kwa kuwa transfoma yaweza kuungua. Na mtu asiifungue kwa nyuma ili watoto waone valvu: ndani mna umeme unaoweza kupita volti 400, nazo kapasita huendelea kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Mchoro mkubwa wa ubaoni utawaonyesha yote wanayopaswa kuyaona.