Motokaa ya Gesi Ikisumbua: Tazama Maji na Cheche Kwanza

Kila mkulima wa Marafa anajua hasara ya pikapu kukwama. Embe likisha kuiva halingoji, na mzigo ukichelewa kufika Malindi mnunuzi hushusha bei au huukataa. Kwa hiyo wewe mwenye motokaa kuukuu iliyofungwa mtambo wa gesi, yakupasa ujue namna ya kutafuta kasoro yake, usije ukanunua chombo kipya wakati cha zamani hakikuharibika.

Maelezo haya ni ya motokaa za kabureta, kama pikapu za Peugeot 504, zinazoweza kutumia petroli na gesi pia.

Jinsi mtambo ufanyavyo kazi

Gesi hii ni propeni na buteni, kama ile ya jikoni. Ndani ya mtungi imegandamizwa hata ikawa maji. Hutoka mtungini ikiwa maji, hupita katika vali ya umeme na chujio, kisha huingia katika chombo ambacho mafundi hukiita ridyusa. Humo hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo huvutwa kwa mpira hadi kwenye kabureta, ukachanganyika na hewa.

Gesi ikigeuka mvuke hunyonya joto jingi. Ndiyo sababu maji ya moto ya injini hupitishwa katika ridyusa. Maji yakipungua, ridyusa hupoa hata kufanya barafu kwa nje, ijapokuwa jua la Marafa ni kali. Hapo injini hupoteza nguvu, kisha huzima.

Kutafuta kasoro

Kabla ya kushika bisibisi, badili swichi uendeshe kwa petroli. Kama injini yasumbua vile vile, kosa haliko katika gesi. Kama kwa petroli yaenda vizuri, usikimbilie kulaumu ridyusa bado. Fuata utaratibu huu:

1. Maji. Ngoja injini ipoe, kisha fungua rejeta utazame. Injini ikisha kupata moto, gusa mipira miwili ya maji ya ridyusa: yote yapaswa kuwa ya moto. Mmoja ukiwa baridi, maji hayazunguki. Jambo jingine: wengi wetu tumezoea kuondoa themostati kwa kuogopa joto la pwani. Bila themostati injini haipati moto wa kutosha, na ridyusa nayo hukaa baridi. Irudishe. Tena usitie maji ya chumvi ya kisima, kwani huacha magaga ndani ya njia nyembamba. Maji ya mvua ni bora.

2. Cheche. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Plagi iliyochakaa au waya uliopasuka huenda usionekane ukitumia petroli, lakini kwa gesi injini itakosa-kosa, au italipukia kwenye kabureta. Tazama plagi, waya, kifuniko cha distribyuta na taimingi.

3. Hewa. Vumbi la barabara zetu huziba chujio la hewa upesi. Hewa ikipungua, gesi huwa nyingi mno na gharama huongezeka.

4. Gesi yenyewe. Sasa ndipo utazame chujio la gesi, na umwage mafuta mazito yanayojikusanya chini ya ridyusa. Injini iwe imezimwa na vali ya mtungi imefungwa, nawe uwe uwanjani mbali na moto. Kama baada ya hayo injini haitulii, yumkini kiwambo cha mpira ndani ya ridyusa kimekakamaa au kimetoboka. Hiyo ni kazi ya fundi wa gesi.

Kurekebisha

Injini iwe ya moto. Tia alama mahali skrubu zilipo ili uweze kuzirudisha. Anza na skrubu ya ridyusa, motokaa ikiwa imesimama: izungushe polepole hata injini ingurume sawasawa. Kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta kiasi na kushikilia hapo. Funga skrubu ya mpira wa gesi kidogo kidogo mpaka injini ianze kulegea; halafu ifungue mpaka ilegee tena. Iache katikati ya mahali hapo pawili.

Usiipunguze gesi mno kwa tamaa ya kuokoa fedha. Gesi ikiwa chache injini hupata moto kupita kiasi na vali huungua. Ni kawaida kutumia lita nyingi kuliko za petroli: palipotosha lita 10 za petroli, huenda zikahitajika lita 12 za gesi au zaidi kidogo. Basi piga hesabu ya shilingi kwa kilometa, si ya lita.

Vituo vya gesi ya magari ni vichache nchini Kenya, kwa hiyo usiitupe petroli. Washa kwa petroli kila siku ili mipira ya kabureta isikauke. Ukitaka kugeukia gesi, weka swichi katikati mpaka petroli ya kabureta iishe, ndipo uweke kwenye gesi.

Hatari

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, katika shimo la fundi au sakafu ya ghala. Ukisikia harufu, usiwashe injini wala taa. Funga vali ya mtungi, watoe watu, na isukume motokaa uwanjani. Tafuta mahali panapovuja kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mtungi usijazwe zaidi ya asilimia 80, kwa maana gesi hutanuka kwa joto. Wala usifunge mtungi wa jikoni kwenye motokaa, hata kwa safari moja. Haukuundwa kwa mtikisiko wala kwa ajali, na hauna vali zipasazo.

Kama umetazama maji, cheche, hewa na chujio, na bado motokaa yakataa, mpelekee fundi anayejua gesi, ukamweleze ulichokwisha kutazama. Atafika kwenye kosa upesi, nawe utalipia kazi moja tu.