Mgeni apita Mwika bila kushuka garini
Mandhari ya vihamba nayo ni zao, lakini bado halina mnunuzi

Kila msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro, magari ya watalii hupita Mwika. Mengi ni yale yanayowapeleka wapandaji wa njia ya Rongai hadi lango la Nalemuru wilayani Rombo. Hutoka Moshi, hupita Himo, hupanda kuelekea Rombo yakipishana na malori ya ndizi, kisha hupotea. Ndani yake wamo watu waliosafiri maelfu ya kilomita na kulipa dola nyingi ili waione nchi hii. Mwika wanaiona kupitia dirishani tu.

Sababu yake si uchache wa wageni. Mwika haina lango la Hifadhi ya Taifa, na mgeni hajapewa sababu ya kusimama. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa ukanda huu, swali ni hili: je, kihamba, mfereji, soko na kahawa vinaweza kumsimamisha mgeni huyo kwa nusu siku, na fedha atakayoiacha itaishia mfukoni mwa nani?

Walivyofanya Waingereza

Tuanze na wanunuzi wenyewe, kwa kuwa Waingereza ni miongoni mwa wageni wanaoupanda mlima wetu. Mwingereza anapofanya likizo ndani ya nchi yake, mara nyingi huenda kwenye miji midogo ya kale na mashamba yanayoizunguka. Eneo moja mashuhuri ni Cotswolds, lenye vijiji vya nyumba za mawe yenye rangi ya asali. Uzuri huo ulijengwa na zao la mkulima. Karne nyingi zilizopita sehemu hiyo ilitajirika kwa sufu ya kondoo, na wafanyabiashara wa sufu wakajenga nyumba, masoko na makanisa makubwa. Biashara hiyo ilipodorora, hapakuwa na fedha nyingi za kubomoa na kujenga upya, hivyo nyumba zikabaki. Katika kijiji cha Bibury, safu ya nyumba iitwayo Arlington Row ilianza kama ghala la sufu katika karne ya 14, baadaye ikawa makazi ya wafumaji. Leo watu husafiri kwenda kuipiga picha tu.

Eneo la pili ni Lake District, nchi ya milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza. Mwandishi wa vitabu vya watoto, Beatrix Potter, alinunua mashamba huko, na alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 mikononi mwa shirika la kuhifadhi urithi la National Trust, ili ufugaji uendelee. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza Lake District katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kazi ya wafugaji wa kondoo ilikuwa sehemu ya sababu zilizotolewa. Mgeni hutembea kwa miguu katika njia zinazokatiza mashamba ya watu, hulala nyumbani kwa mkulima, hunywa chai na kununua jibini.

Thamani ya njia hizo ilionekana mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoishambulia mifugo ya Uingereza. Njia za miguu zilifungwa ili kuzuia maambukizi. Nyumba za wageni na maduka katika sehemu zisizo na ng'ombe hata mmoja mgonjwa zilikosa wateja. Hapo ndipo wengi walipotambua kuwa mashamba yalikuwa yakilisha watu wengi kuliko wakulima wenyewe.

Kilichopo kati ya Moshi na Mwika

Kama sufu ilijenga Cotswolds, kahawa ndiyo iliyojenga Uchagga tunaouona. Wakulima waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto, ikajenga makanisa, ikaezeka nyumba kwa mabati. Mgeni anayetaka kuifuata historia hiyo anaweza kuanzia Moshi mjini penye stesheni ya reli iliyofika enzi za Wajerumani, jengo la KNCU na Bodi ya Kahawa. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi mwezi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kusimama.

Kutoka mjini anaweza kupanda hadi Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine tarehe 2 Machi 1900. Mti unaotajwa kuwa ndipo aliponyongewa huonyeshwa wageni hadi leo. Upande wa Vunjo ipo Kilema, misheni kongwe ya Wakatoliki inayohusishwa na kuanza kwa kahawa mlimani. Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori na Ndoro. Mamba, katikati ya Marangu na Mwika, kuna mapango ambamo watu walijificha pamoja na mifugo wakati wa vita vya koo na vya watawala, na kuna wahunzi wanaoendelea kufua chuma kama walivyofundishwa na baba zao.

Mwika yenyewe ina soko kubwa la ndizi. Kwa mgeni, akina mama waliopanga mikungu ya mshare na ya ndizi za pombe, wakipatana bei na wachuuzi wa kutoka mbali, ni jambo la kuona kuliko maonyesho yoyote ya kupangwa. Kuna Chuo cha Biblia cha KKKT chenye historia ndefu. Na kuna vihamba vyenyewe: migomba juu ya mibuni, miti mirefu juu ya migomba, magimbi chini, ng'ombe bandani, uzio wa masale mpakani, na maji ya mfereji yakipita.

Thamani ya kilimo hiki imetambuliwa kimataifa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Kihamba cha Mwika hakina tofauti kubwa na cha Shimbwe.

Utalii wa namna hii si mgeni nchini. Mpango wa utalii wa utamaduni ulianza kaskazini mwa Tanzania katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii, na Machame, Marangu na Mamba zikaingia. KNCU nayo ilianzisha Kahawa Shamba huko Lyamungo katika miaka ya 2000, ambako mgeni hutembezwa shambani na kula na wakulima. Materuni, Uru, huvuta wageni wengi wa siku moja kwa maporomoko na kahawa.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kukokotolea tu. Kila kikundi kiweke za kwake. Tuseme wageni wanne wanatembea nusu siku Mwika, na kila mmoja analipa sh 40,000. Jumla ni sh 160,000. Kikundi kinaweza kugawa hivi:

Mwongoza wageni: sh 30,000
Chakula cha mchana cha watu wanne: sh 40,000
Kaya inayoonyesha kahawa: sh 24,000
Mhunzi au mwonyeshaji wa pango: sh 16,000
Mfuko wa mfereji na kijiji: sh 30,000
Akiba ya kikundi: sh 20,000

Mambo mawili yaonekane hapa. Kwanza, chakula kikiwa mtori, kiburu, mboga za shambani na parachichi, sehemu kubwa ya sh 40,000 inabaki kijijini. Kikiwa wali, soda na kuku wa kununuliwa mjini, fedha hiyo inapanda daladala na kurudi Moshi. Pili, mfuko wa mfereji si sadaka. Mgeni amekuja kuona maji yakipita kihambani. Mfereji ukikauka kwa kukosa watu wa kuuzibua, bidhaa imekwisha.

Sasa geuza mfano. Kampuni ya mjini imepokea sh 160,000 hizo hizo, imekuja na mwongozaji wake na chakula chake ndani ya makasha, na imempa mwenye kihamba sh 10,000 ya asante. Mgeni ni yule yule na njia ni ile ile, ila mkulima amepata sehemu moja ya kumi na sita. Tofauti imeletwa na jambo moja: nani alipanga bei kabla ya mgeni kufika. Kaya moja peke yake haiwezi kubishana na kampuni. Kikundi cha kaya kumi chenye bei moja iliyoandikwa kinaweza.

Kahawa kwa kikombe

Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Ikikaangwa, uzito hupungua hadi gramu 800 au zaidi kidogo. Hizo ni pakiti tatu za gramu 250. Mkulima achukue bei aliyolipwa msimu uliopita kwa kilo, kisha ailinganishe na pakiti tatu anazoweza kumwuzia mgeni aliyeichuma, akaimenya, akaikoboa kwenye kinu na kuikaanga kwa mkono wake. Pakiti hizo hazitamaliza gunia, na chama cha msingi kitabaki kuwa mnunuzi mkuu. Lakini kilo 20 zilizouzwa kwa njia hii zinaweza kulipia dawa na samadi ya msimu.

Bahati nzuri, kalenda inasaidia. Mavuno ya kahawa mlimani huanza kwenye Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, na Juni hadi Oktoba ndio msimu mkubwa wa wapandaji. Kipindi kingine ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Wakati wa masika njia ni tope na wageni ni wachache. Huo ni wakati wa kupanda miche na kutengeneza vijia.

Tahadhari

Anayefikiria kuuza ng'ombe ili ajenge nyumba ya wageni asubiri kwanza. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege duniani, waliotegemea utalii pekee walibaki mikono mitupu, na wenye migomba waliendelea kula. Utalii wa kihamba uwe kama ng'ombe wa pili, usiwe wa kwanza. Anza na kutembeza na kulisha. Kulaza kuje baadaye.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara za utalii ziwe na leseni. Kikundi kisajiliwe, kifungue akaunti benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kimwone ofisa utalii na ofisa biashara wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi kabla ya kupokea mgeni wa kwanza, kwa kuwa ada hubadilika.

Pia kikundi kiamue mapema kisichouzwa. Wachagga huzika wazee wao kihambani. Kaburi na mahali pa tambiko si pa kupigwa picha bila ridhaa ya ukoo. Mtoto asitolewe darasani kwenda kucheza ngoma. Akina mama wa sokoni waombwe ruhusa, na sehemu ya mapato iwafikie, maana wao ndio maonyesho yenyewe.

Kinachopungua kila mwaka

Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani baada ya mwaka 1989, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wengi mlimani waling'oa mibuni au waliitelekeza. Vijana wamekwenda mijini. Vihamba vimegawanywa hadi vingine havitoshi nyumba mbili. Masale yanang'olewa, kuta za matofali zinapanda, na mifereji kadhaa imebaki kuwa mitaro ya takataka. Hakuna wa kumlaumu mkulima anayekata mti usiomlipa.

Ndiyo maana hesabu hii si ya anasa. Cotswolds ilibaki nzuri kwa sababu wenyewe walikosa fedha za kuibadilisha, na bahati hiyo sisi hatuna, kwani Mwika inabadilika kila siku. Kihamba kitabaki iwapo kitamlipa anayekilima, kwa ndizi, kwa kahawa, kwa maziwa, na kwa mgeni anayelipa kukitembelea.

Kaya kumi zenye vihamba vinavyopakana, mfereji mmoja na kijana mmoja anayezungumza Kiingereza zinatosha kuanza. Kikao cha kwanza kiwe na ajenda moja: bei ya mgeni ni shilingi ngapi, na itagawanywaje. Kibao cha njia kitengenezwe baada ya hapo.