Siku Moja Kutoka Ikonge: Wapeleke Wanao Thimlich Ohinga

Desemba inapokaribia, familia nyingi za mjini huanza kuhesabu siku za kwenda nyumbani. Iwapo nyumbani kwenu ni Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, basi unajua mambo yanavyokwenda. Mnafika jioni mkiwa mmechoka, mnapokewa kwa vifijo, kuku anachinjwa, na siku mbili za kwanza zinapita katika kuamkiana. Siku ya tatu wenyeji wanarudi kuchuma majani chai. Siku ya nne vijana wamejificha nyuma ya nyumba wakitafuta mahali simu inaposhika mtandao, na yule mdogo anauliza, "Baba, tunarudi Nairobi lini?"

Swali hilo huuma. Umekopa nauli, umenunua zawadi, umeacha shughuli zako, kumbe mtoto haoni kitu cha kumweka hapo. Usimlaumu. Yamkini hakuna aliyemwonyesha chochote zaidi ya ua wa nyumba, na shuleni amesoma juu ya kuta za mawe za Zimbabwe Kuu bila kuambiwa kwamba kuna kuta za mawe za kale ambazo anaweza kuzifikia kabla ya chakula cha mchana.

Kuta hizo ni za Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori. Makala haya yatakusaidia kupanga safari hiyo ili isiwe ya kukimbia, kupiga picha na kurudi.

Mahali penyewe

Thimlich Ohinga iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, umbali wa kilomita 46 hivi. Kwa lugha ya Kijaluo, ohinga ni boma au ngome, na jina Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Msitu huo sasa umekuwa nyika ya majani, miti ya miiba na mitupa. Mtu anayetoka Ikonge, kwenye baridi na vilima vya kijani, hujiona kama aliyevuka kwenda nchi nyingine.

Hapo zimesimama kuta za mawe matupu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kuyashikanisha. Wajenzi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo, na kila jiwe linashikwa na jingine. Kimo cha kuta ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wake ni mita moja hadi tatu. Wataalamu wanakadiria kwamba zilijengwa katika karne ya 16.

Maboma makubwa hapo ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ndani yake mtaona mahali palipokuwa na nyumba na mazizi ya mifugo. Milango ni mifupi, hivi kwamba mtu mzima hulazimika kuinama. Waambie watoto wakisie sababu kabla ya kuwaeleza. Adui anayeingia akiwa ameinama hawezi kurusha mkuki, na karibu na mlango palikuwa na kibanda cha mlinzi aliyekuwa akimngoja.

Thimlich haikuwa peke yake. Katika eneo hili la Ziwa Victoria watafiti wamehesabu maboma 521 katika sehemu 138. Hii ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko zote. Serikali iliitangaza kuwa mnara wa kitaifa mapema miaka ya 1980, na mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ikawa ya saba nchini Kenya, baada ya mahali kama Lamu na Fort Jesus.

Kuna wanaodhani kwamba watu wa mifugo hawaachi kitu nyuma yao isipokuwa majivu ya moto. Huko Mongolia, wageni husafiri maelfu ya kilomita kwenda Bonde la Orkhon, lililo katika orodha hiyo hiyo tangu 2004, kuona mabaki ya Karakorum, mji mkuu wa dola la Wamongoli katika karne ya 13, ulioko katikati ya mbuga za wafugaji. Wewe unaweza kulijibu dai hilo ukiwa umetoka Ikonge asubuhi.

Kwa nini inawahusu

Pengine utauliza, "Hayo ni mambo ya Wajaluo. Sisi Abagusii yanatuhusu nini?"

Swali hilo ndilo linalofanya safari hii iwe na maana. Masimulizi ya wazee wetu yanasema kwamba Abagusii walipita Kisumu, nyanda za Kano na Kabianga kabla ya kutulia milimani. Nao walikuwa wafugaji. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, vijana wa Kigusii waliishi katika ebisarate, yaani kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi, hadi serikali ya Waingereza ilipozivunja kambi hizo. Hofu iliyomfanya mtu wa Thimlich apandishe ukuta wa mita nne ni ile ile iliyomkesha kijana wa Kigusii na mkuki wake.

Tena, kuta hizi hazikuwa za kabila moja. Inaaminika kwamba waliotangulia kukaa huko ni watu wa lugha za Kibantu, na baadaye wakaja Waniloti. Kila kundi lililofika lilizikuta kuta za wengine. Lingeweza kuzibomoa na kuanza upya. Badala yake lilizikarabati, likaongeza hapa na pale, likaishi ndani yake. Ndiyo maana bado zimesimama.

Sote tunajua maneno ambayo Wagusii na Wajaluo hurushiana kwa utani, na mara nyingine bila utani. Tunajua pia jinsi mambo yanavyochafuka mipakani nyakati za siasa. Mtoto aliyelelewa Nairobi huyaokota maneno hayo kwa watu wazima kabla hajapata jirani wa kumlinganisha nayo. Mpeleke akaone ukuta ambao mgeni aliukuta akautunza. Somo hilo humwingia upesi kuliko hotuba.

Anzeni kwa magokoro

Safari njema huanza siku mbili kabla ya gari kuwashwa. Jioni, mkiwa jikoni kwa magokoro, waombe watoto wamuulize maswali matatu. Je, aliwahi kusikia habari za egesarate kutoka kwa wazazi wake? Watu wa zamani walijilindaje usiku? Ng'ombe wa ukoo waliibwa lini, na walirudishwa vipi? Mwanafunzi mmoja aandike majibu katika daftari. Majibu hayo hayapatikani kwenye simu, na mwenye kuyajua hatakuwa nasi siku zote.

Kama magokoro au sokoro ana nguvu za kusafiri, mchukueni. Si lazima azunguke maboma yote manne. Akae chini ya mti, na watoto wamletee habari za walichokiona. Huenda atawajibu kwa kisa ambacho hata wewe mwanawe hujawahi kukisikia.

Wafundishe watoto pia maneno mawili ya Kijaluo. "Oyawore" ni salamu ya asubuhi, na "erokamano" ni asante. Mnakwenda nyumbani kwa watu, na mgeni anayeamkia kwa lugha ya mwenyeji hupokewa kwa uso mwingine.

Njia na muda

Ondokeni Ikonge alfajiri, saa kumi na moja ikiwezekana. Shikeni njia ya Nyamira hadi mji wa Kisii, kisha barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mtapita Rongo na Awendo, penye mashamba ya miwa, mpaka Migori. Hapo pumzikeni, nyweni chai na mjaze mafuta. Kutoka Migori mtafuata barabara ya kuelekea Muhuru Bay, kisha mkate kwenda upande wa Macalder, mahali panapojulikana kwa dhahabu. Ulizeni Migori hali ya sehemu ya mwisho ya barabara kabla ya kuondoka mjini, hasa ikiwa mvua imenyesha usiku.

Ipo njia ya pili: kutoka Rongo mnaelekea Homa Bay, mnakata Rodi Kopany na kupitia Ndhiwa. Wengine huendea njia moja na kurudia nyingine ili waone nchi zaidi.

Tengeni saa nne au zaidi za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi. Kwa hiyo mkitoka saa nne asubuhi mmekwisha kuharibu safari. Mtafika jua likiwa limekaza, watoto watalia, na mtazunguka boma moja tu kabla ya kuanza kuogopa giza. Familia yenye watoto wadogo au wazee ingefanya vyema kulala Migori usiku mmoja.

Kuhusu usafiri, magari ya abiria yatawafikisha Migori bila taabu, lakini kutoka hapo mtategemea magari machache au bodaboda. Kama mko watu kumi au zaidi, kaeni na ndugu zenu mchange, mkodi matatu nzima kwa siku. Patana na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi, tena kabla ya siku yenyewe. Neno la kungoja likisahauliwa ndipo ugomvi huanza.

Mahitaji

Thimlich iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kuna kiingilio. Watoto hulipa pungufu ya watu wazima, na wananchi pungufu ya wageni, kwa hivyo mtu mzima asisahau kitambulisho. Tangu 2023 malipo mengi ya serikali hufanywa kwa njia ya simu kupitia eCitizen. Weka pesa kwenye simu na uichaji usiku, maana huko nyikani si mahali pa kutafuta wakala.

Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani yatawatosha. Watu wa Ikonge tumezoea baridi, na jua la kule hutushangaza. Kila mtu awe na kofia, viatu vya kufunika vidole na suruali ndefu, kwa sababu miiba ni mingi. Chakula kibebwe kutoka nyumbani: viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, mayai, mahindi na chupa ya chai. Mkipenda samaki, mnaweza kula Migori wakati wa kurudi.

Msiende Machi hadi Mei kama mnaweza kuepuka. Hiyo ndiyo miezi ya masika, na gari likizama kwenye udongo mweusi, siku yote huishia hapo.

Mkifika

Tafuteni mwelekezaji wa hapo na mumsikilize. Bila yeye mtaona mawe tu. Mwombeni awaonyeshe mahali pa mlinzi, mahali pa kufulia chuma, na jinsi mlango unavyobebwa na mawe marefu. Wape wanafunzi kazi: mmoja achore ramani ya boma moja, mwingine apime unene wa ukuta kwa hatua zake, na yule mwenye daftari la magokoro alinganishe aliyoyaandika na anayoyaona.

Kuna jambo moja la kuwaonya watoto kwa ukali, hata wakikuona mkali kupita kiasi. Asipande mtu juu ya ukuta, wala asitoe hata jiwe moja la kwenda nalo nyumbani. Maadamu hakuna saruji, jiwe dogo likitoka, yaliyo juu yake hulegea. Mvua ikinyesha yanateremka, na mti uliootea karibu unasukuma yaliyobaki. Katika orodha ya mwaka 2000 ya shirika la World Monuments Fund, Thimlich ilihesabiwa miongoni mwa mahali 100 duniani palipokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika. Ukarabati ulifanywa, lakini hatari haijaisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu ukianguka hatuna wa kuujenga tena kama walivyoujenga wao.

Mtarudi Ikonge usiku mkiwa na vumbi miguuni, na baadhi ya watoto watakuwa wamelala garini. Usiwaulize mara moja walijifunza nini. Ngoja kesho yake, mkiwa jikoni kwa magokoro, uone nani atakayeanza kumsimulia habari za mlango mfupi na mlinzi aliyengoja nyuma yake. Kisha msikilize magokoro naye atasema nini. Daftari liwe karibu.